Kodi Iliyopunguzwa na Ghala la Serikali

Hewani ni kijiji cha Wapokomo katika delta ya Mto Tana, si mbali na Garsen. Watu wake tangu zamani ni wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, na mwalimu wao mkuu wa uchumi ni mto. Mto ukifurika kwa kiasi huacha tope lenye rutuba; ukifurika kupita kiasi huchukua mazao na nyumba; usipofurika kabisa mpunga hukosa maji. Kwa hiyo mkulima mwenye busara hali mavuno yote. Huweka mbegu, na juu ya mbegu huweka fungu jingine la mwaka mbaya. Naanza na habari hii kwa kuwa mambo ya hazina ya serikali, ambayo huonekana magumu vitabuni, kwa asili yake ni haya haya: ni nani atiaye ghalani, atie kiasi gani, na ghala likiwa tupu ni nani alalaye na njaa.

Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba katika nchi iitwayo leo Kenya mwaka 1901. Nyumba zilihesabiwa, na mwenye nyumba alidaiwa rupia, awe na mavuno au asiwe nayo. Huo ndio ubaya wa kodi ya namna hiyo: haimwulizi mtu amepata nini. Aliyevuna magunia mengi na jirani yake ambaye shamba lake lilimezwa na maji walidaiwa sawasawa. Tena ilitakiwa fedha, wala si mpunga. Basi ilimpasa mtu apakie mazao mtumbwini akatafute mnunuzi upande wa pwani, au aliache shamba lake akafanye kazi ya ujira kwa mwingine. Kumtoa mtu nyumbani akafanye kazi ya ujira kulikuwa mojawapo ya makusudio ya kodi yenyewe, na baadhi ya magavana hawakulificha.

Baada ya vita vya 1914–1918 hazina ya Kenya ilikuwa katika dhiki. Mwaka 1920 kodi ya Waafrika ilipandishwa kutoka rupia 5 hadi rupia 8, yaani kutoka shilingi 10 hadi shilingi 16 kwa hesabu ya fedha iliyofuata. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi nao wakaazimia kupunguza ujira wa vibarua kwa theluthi moja. Harry Thuku na wenzake wa East African Association wakayapinga mambo hayo. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai afunguliwe walipigwa risasi, wengine wakafa papo hapo. Katika msukosuko wa miaka hiyo kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Shilingi 4 zilizopunguzwa hazikuwa zawadi.

Lakini liko punguzo la pili la wakati ule ule, ambalo wasomaji wa historia hulipita upesi. Mwaka 1921 Kenya ilikuwa imeanza kutoza kodi ya mapato, na kodi hiyo ilikuwa iwaguse hasa walowezi wa Kizungu na wafanyabiashara, kwani hao ndio waliokuwa na mapato makubwa ya kuhesabiwa. Walowezi waliipigia kelele, na wengi wakaikwepa. Kamati iliyoongozwa na Charles Bowring ikashauri iondolewe, na mwaka 1922 ikaondolewa kabisa. Pengo likazibwa kwa ushuru wa forodha, na baadhi ya ushuru huo, kama ule wa ngano na sukari kutoka nje, ulikuwa pia kinga kwa mashamba ya walowezi wenyewe. Ushuru wa forodha haumwandikii mtu barua ya kumdai, humngojea dukani.

Tazama basi tofauti ya mapunguzo hayo mawili. Mwenye nyumba alipunguziwa robo ya kodi yake baada ya vilio vingi. Mwenye mapato makubwa aliondolewa kodi yake yote kwa shauri la kamati.

Mwaka mbaya haukukawia. Nzige waliingia nchini mwaka 1928, na mwaka uliofuata mtikisiko wa biashara ya dunia ukaanza kuziangusha bei. Serikali iliyotegemea ushuru wa bidhaa iliona mapato yake yakipungua wakati ule ule ilipoyahitaji, maana watu wakiwa maskini hununua kidogo. Mwaka 1931 ilianzishwa benki ya kuwakopesha wenye mashamba makubwa. Huku nyumba za Waafrika zikiendelea kuhesabiwa. Lord Moyne, aliyetumwa kuchunguza fedha za koloni mwaka 1932, alikiri kwamba Waafrika hawakupata huduma zilizolingana na kodi waliyotoa. Mwaka 1936 Sir Alan Pim akashauri kodi ya mapato irudishwe, na mwaka 1937 ikarudi, miaka 15 tangu kuondolewa.

Sisemi kwamba kupunguza kodi ni kosa. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya ilishusha kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya ongezeko la thamani kutoka 16 hadi 14. Watu walipata nafuu kweli, ingawa mkulima wa Hewani asiye na mshahara hakuonja lile punguzo la kwanza. Lakini hazina ilikuwa imelemewa na madeni, na Januari 1, 2021 asilimia 30 na 16 zikarudi. Nafuu hiyo ilidumu yapata miezi tisa.

Na akiba je? Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yairuhusu serikali ya kaunti, Tana River ikiwamo, kuweka mfuko wa dharura, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Katika kila shilingi 100, basi, 2 tu ndizo ziwezazo kukaa katika ghala hilo. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño ziliujaza tena Mto Tana, na mashamba ya upande wa Garsen yakawa chini ya maji.