Sheli ya jirani na kisima cha mama

Najua nimeadimika. Wiki mbili hizi zilikuwa za test, semina na foleni ya kutoa kopi, na boom lenyewe limeshaota mbawa. Lakini leo sikuja kulia njaa. Leo tuongee historia, na kabla hujanikimbia ngoja kidogo: ni historia ya sheli. Ndiyo, hizi hizi za petroli.

Ilianza Jumapili. Mama alinipigia kutoka nyumbani Singida. Baada ya shikamoo na habari za masomo, akaniambia kile kiwanja cha jirani kimeuzwa na panajengwa sheli. Shimo la matangi limeshachimbwa, refu kuliko kimo cha mtu mara mbili. Kisima chetu kiko upande wa pili wa ukuta. "Sasa wewe ndiye msomi wetu, mwanangu. Hayo matangi yakivuja, sisi tutajuaje?"

Du! Mwalimu mtarajiwa wa Historia na Jiografia nikabaki nakohoa kohoa. Nikamwambia nitampa jibu Jumapili ijayo. Nikaingia kusoma, na nchi niliyoikuta imeuliza swali la mama kwa sauti kubwa na kwa gharama kubwa ni Marekani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani walinunua magari kwa mamilioni, na sheli zikaota kila kona. Matangi yalifukiwa ardhini kwa sababu nzuri tu: kuzuia moto na kuokoa nafasi. Tatizo ni kwamba mengi yalikuwa ya chuma kitupu, bila kinga yoyote. Chuma kitupu ndani ya udongo wenye unyevu kinaliwa na kutu, na kwa kuwa kimefukiwa hakuna anayeona. Petroli nayo haisemi. Inashuka taratibu mpaka kwenye maji ya ardhini, ikiwa na benzini ndani yake, kemikali inayosababisha saratani. Na karibu nusu ya Wamarekani wanakunywa maji ya ardhini kama mama yangu.

Mwaka 1977, katika rasi ya Cape Cod jimboni Massachusetts, tangi la sheli moja lilivuja galoni 3,000 hivi karibu na visima vya mji wa Provincetown. Visima vikafungwa. Kesi za namna hiyo zikaendelea kujitokeza hapa na pale, kila mji ukidhani ni mkosi wake peke yake. Kisha Desemba 1983 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikaonyesha familia ambazo maji yao yameharibiwa na matangi yanayovuja. Hapo nchi nzima ikashtuka.

Bunge lao likapitisha sheria, Rais Reagan akaisaini Novemba 1984. Kuanzia Mei 1985 ikawa marufuku kufukia tangi jipya la chuma kitupu. Mwaka 1986 ukaundwa mfuko wa kusafisha palipovuja, unaochangiwa kwa kodi ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni. Mwaka 1988 mamlaka yao ya mazingira, EPA, ikatoa kanuni kamili. Wakati huo nchi ilikuwa na matangi zaidi ya milioni 2! Wenye matangi ya zamani wakapewa miaka 10, hadi tarehe 22 Desemba 1998: weka kinga ya kutu, weka vifaa vya kuzuia kumwagika na kujaza kupita kiasi, au ling'oe. Zaidi ya matangi milioni moja yalifungwa.

Sasa hapa ndipo swali la mama linapoingia: utajuaje kama linavuja? Njia ya zamani ni hesabu tu. Unatumbukiza ufito wenye vipimo, unasoma kimo cha mafuta, kisha unalinganisha: ya jana, ongeza yaliyoletwa, toa yaliyouzwa. Darasa la nne kabisa. Lakini kanuni ilikubali tofauti ya asilimia 1 ya mafuta yaliyopita kwenye tangi kwa mwezi, ukiongeza galoni 130. Chukua kalamu. Tangi likipitisha galoni 50,000 kwa mwezi, asilimia 1 ni 500, ongeza 130, unapata galoni 630. Hizo ni kama lita 2,400, yaani mapipa 12 ya lita 200. Yote hayo yanaweza kupotea kwa mwezi mmoja na daftari likasema mambo safi! Ndiyo maana njia hiyo iliruhusiwa kwa muda tu, tena pamoja na jaribio la kuangalia kama tangi limebana vizuri.

Na kinga ya kutu je? Njia mojawapo ni kufunga kwenye tangi kipande cha zinki au magnesiamu, ili kutu ikile hicho kwanza na kuliacha tangi. Nimeipenda sana hiyo, nitaitumia nikienda BTP. Lakini kipande kikishaliwa chote, tangi linabaki uchi kama la mwaka 1950. Bila mtu kwenda kupima, huwezi kujua kimebaki kiasi gani.

Wakati huo huo likazuka jingine. Petroli ya miaka ya 1990 iliongezwa kemikali iitwayo MTBE ili moshi wa magari upungue. Hewa ikafaidika, lakini MTBE inayeyuka kwenye maji na kusafiri mbali. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulifunga visima vilivyokuwa vikitoa karibu nusu ya maji yake. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hawajaanza kuyasafisha na kuyatumia tena kikamilifu.

Halafu wadau, sehemu iliyoniuma zaidi ni hii. Mwaka 2001 wakaguzi wa Bunge la Marekani waliangalia hali ilivyo. Vifaa vipya vingi vilikuwa vimeshafungwa, lakini matangi mengi hayakuwa yakiendeshwa na kutunzwa inavyotakiwa, na majimbo mengi hayakuwa yakikagua matangi yote angalau mara moja kila miaka 3. Yaani king'ora kipo lakini kimezimwa kwa sababu kinapiga kelele. Mashine ipo, mtu wa kuiangalia hayupo.

Ikabidi sheria ya mwaka 2005 iseme waziwazi: kila tangi likaguliwe kila miaka 3, wahudumu wafundishwe, na sheli isiyotimiza masharti isipelekewe mafuta. Hapo ndipo wenye sheli wanapoelewa lugha! Kanuni za mwaka 2015, zilizoanza kubana sawasawa Oktoba 2018, zikaongeza kwamba mwenye sheli mwenyewe azunguke na kuangalia vifaa vyake kila siku 30. Jumla ya mavujo yaliyothibitishwa tangu kazi hii ianze imeshapita 500,000. Mengi yameshasafishwa, lakini kwa mabilioni ya dola.

Sisi wanafunzi wa Historia tumezoea tarehe za kusaini sheria. 1984, umemaliza, weka tiki. Kumbe kutoka sheria ya kwanza mpaka sharti la kukagua kila tangi ilipita miaka 21, na maji yalikuwa yanaharibika katikati. Nadhani nitawafundisha wanafunzi wangu kuuliza swali la pili: sheria ilisainiwa lini, na ni nani alikwenda kuangalia?

Jana nimempigia mama kabla hata Jumapili haijafika. Sikumwambia aogope, wala sikumwambia sheli ni mbaya, maana hata basi linalonipeleka nyumbani linakunywa mafuta. Nimempa maswali matatu ya kwenda nayo serikali ya mtaa kabla shimo halijafukiwa: tangi ni la ukuta mmoja au miwili? Limekingwaje na kutu? Nani atalikagua, kila baada ya muda gani, na majirani wataonyeshwa ripoti? Pia nimemwambia maji ya kisima yapimwe sasa hivi, yakiwa bado safi, ili siku ya ubishi awe na cha kulinganisha.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri nichukue kalamu."

Haya wadau, mimi narudi kwenye test ya Alhamisi. Mwenye kisima karibu na sheli na aende kuuliza. Tuko pamoja!