Kitanda Peke Yake Hakimponyi Mtoto

Ukishuka kwenye pantoni pale Feri, ukapita soko la samaki na ukuta wa Ikulu, utatokea kwenye barabara ya pwani ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama. Wengi wetu bado tunasema Ocean Road tu. Hapo lipo jengo jeupe la Wajerumani linalotazama bahari, na wakazi wa Dar tunalijua kwa jambo moja: saratani. Ukisikia mtu kapelekwa Ocean Road, unashusha sauti.

Leo naomba nikupitishe kwenye historia ya jengo hilo na ya jirani zake, kwa sababu nadhani kuna somo humo ambalo sisi wa mjini, tunaopenda kuchangia watoto wagonjwa na wakimbizi, hatujalishika sawasawa.

Tuanze na mwaka 1897. Mwaka huo Wajerumani walikamilisha hospitali ya Ocean Road, na ilikuwa ya Wazungu. Robert Koch, yule mtafiti maarufu wa vijidudu vya kifua kikuu, alifanya kazi hapo kati ya 1897 na 1898. Mwaka huohuo wa 1897 mji ulipata hospitali nyingine, ya Waafrika na Wahindi. Hiyo haikujengwa kwa mapenzi ya Kaiser. Pesa zake zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji alizaliwa 1851 katika familia ya Wahindi wa Ismailia wenye asili ya Kutch. Familia ilifanya biashara Zanzibar, kisha ikafungua tawi Bagamoyo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa misafara ya kwenda bara: bidhaa, vibarua wa kubeba mizigo, mikopo. Tusimfanye malaika. Utajiri wake ulipita mabegani mwa wapagazi, na biashara ya misafara tunaijua ilikuwaje. Lakini alipoanza kutoa, alitoa kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida enzi zile. Bagamoyo alitoa jumba liwe shule, kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Dar es Salaam akatoa fedha za hospitali. Alifariki Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi.

Sasa sikiliza sehemu inayonivutia mimi. Katika wosia wake aliacha mali yake ya Bagamoyo na Dar es Salaam mikononi mwa serikali, ili mapato yake yasaidie wakoma na wagonjwa, pamoja na kuwapatia chakula. Chakula! Mtu keshajenga hospitali, angeweza kuishia hapo jina likaandikwa ukutani. Lakini mfanyabiashara wa misafara anajua kitu ambacho mtoa sadaka wa kawaida hajui. Msafara haufi kwa kukosa mwanzo. Unafia njiani, posho ikiisha.

Kama unaona natia chumvi, twende Kariakoo. Jina lenyewe, kama unavyojua, ni Carrier Corps iliyotamkwa kwa ulimi wetu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi. Wapagazi waliokufa katika vita ile Afrika Mashariki walikuwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa, uchovu na chakula kibovu au kisichotosha. Madaktari walikuwepo, hata hospitali za jeshi zilikuwepo. Kilichokosekana ni vile vitu vinavyoonekana vidogo: unga uliosagwa vizuri, blanketi, siku ya kupumzika. Mwaka 1927 mji ulijengewa sanamu ya Askari, na mpaka leo daladala zinaizunguka. Wapagazi wao wakaachiwa jina la soko.

Na tusiseme kwamba serikali ya kikoloni haikujua kuhudumia binadamu kikamilifu. Ilijua sana. Katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, Tanganyika ilipokea maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliotolewa Urusi kupitia Uajemi. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, ikiwa na watu wapatao 5,000. Ilikuwa na nyumba, shule, hospitali, kanisa, na makao ya yatima. Yaani mtoto wa mkimbizi hakupewa dawa tu, alipewa maisha. Sina kinyongo na watoto wale, walikuwa wamepitia mateso makubwa. Ninachosema ni kwamba wakati huohuo, Dar es Salaam, Ocean Road ilikuwa bado ya Wazungu, na mtoto wa Mswahili alikuwa na hospitali ya Sewa Haji.

Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, na huduma za Sewa Haji zikahamia huko. Mpaka leo ukienda kumtazama mgonjwa Muhimbili unaweza kuelekezwa jengo la Sewahaji, pembeni ya Mwaisela na Kibasila. Tunalitaja jina hilo tukiwa na chupa ya chai mkononi, bila kujua kwamba tunamtaja mtu.

Halafu ukaja uhuru, na hapa hadithi inageuka. Desemba 1961 ilipokaribia, wauguzi wengi wa Kiingereza wakafunga virago. Nchi mpya, vitanda vipo, watu wa kuvihudumia hawapo. Mwalimu Nyerere akaomba msaada kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini kupitia Oliver Tambo, na wauguzi 20 weusi wa Afrika Kusini wakaja na kusambazwa katika hospitali zetu. Walioondoka kwao namna hiyo walijua kurudi ni shida, na wengi wao hawakuiona nchi yao tena mpaka miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa unaanguka. Tumezoea kujisifu kwamba Tanzania iliwapokea wakimbizi wa Kusini. Ni kweli, na tuna haki ya kujisifu. Lakini tuongeze na hili: waliokimbia ubaguzi ndio walioosha vidonda vya baba zetu na kuwapokea watoto wazazini.

Miaka hiyohiyo Dar ilijaa watu waliofukuzwa na vita. Pale Kurasini, mwaka 1963, Janet Mondlane alianzisha Taasisi ya Msumbiji ya kusomesha vijana wa nchi hiyo. Mwaka 1964 Walutheri wakaanzisha shirika la kuhudumia wakimbizi Tanganyika, TCRS, likawa linafanya kazi pamoja na serikali na UNHCR. Mpango ule wa pande tatu uliwapa wakimbizi ardhi, visima, shule na zahanati. Baadaye Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakajilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa medali ya Nansen. Haikuwa kwa sababu ya mahema. Ilikuwa kwa sababu mkimbizi alipewa jembe na mahali pa kulilimia.

Sasa turudi Ocean Road. Matibabu ya mionzi yalianza pale 1980, na 1996 ikawa taasisi kamili ya saratani. Watoto nao walilazwa pale, kabla ya huduma yao kuhamishiwa Muhimbili. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, lakini katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Ugonjwa ni uleule. Uvimbe wa Burkitt, ule unaovimbisha taya ya mtoto, umeelezwa kitaalamu hapahapa jirani, Mulago, Kampala, mwaka 1958, na unatibika kwa dawa.

Kwa nini basi wanakufa? Wengine wanafika wamechelewa, dawa nyingine hazipo. Lakini kuna sababu moja ambayo haina harufu ya hospitali kabisa: mama anaondoka. Matibabu ni ya miezi. Ametoka Sumbawanga au Tandahimba, ameacha watoto wengine watatu na shamba, hana ndugu Dar, nauli ya kurudi kliniki wiki ya tatu haipo. Mtoto akipata nafuu kidogo, wanapanda basi. Uvimbe ukirudi, hawarudi.

Ndiyo maana naona watu wa Tumaini La Maisha, wanaoshirikiana na Muhimbili kutibu watoto wenye saratani, wamemwelewa Sewa Haji kuliko sisi wote. Hawaishii kwenye dawa. Wanashughulika na mahali pa familia kulala, nauli, chakula, hata mtoto kusoma akiwa wodini.

Na mwenzetu mkimbizi? Kwake kila kitu ni mara mbili. Kwa sheria ya wakimbizi ya 1998 anatakiwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Mtoto wa Kikongo akiugua vibaya Nyarugusu, kambi iliyoanzishwa 1996, Muhimbili iko zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya nauli anahitaji karatasi, na kabla ya karatasi anahitaji mtu wa kumpa rufaa. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao kambini kwa kukosa fedha. Mwaka 2025 Marekani ikakata sehemu kubwa ya misaada yake duniani. Angalia kinachokatwa kwanza: posho ya njiani. Kama Kariakoo ya 1917.

Waswahili wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nakubali. Ila mimi naongeza kwamba kutoa ni hesabu pia. Sisi vijana wa mjini tuna moyo, hilo halina ubishi. Picha ya mtoto mwenye uvimbe ikizunguka kwenye simu, jioni milioni zimepatikana. Tunakwenda wodini na sabuni, juisi na fulana zenye nembo, tunapiga picha na hundi ya kadibodi kubwa kuliko kitanda. Halafu tunarudi nyumbani tukiwa na amani. Nani amelipa chumba cha mama mwezi wa nne? Nani amemlipia karani wa kufuatilia kibali cha yule wa Nyarugusu?

Mambo hayo hayapigiki picha vizuri. Nauli haina sura. Lakini ndiyo inayoamua kama dawa iliyokwisha kununuliwa itafanya kazi au itamwagika. Kwa hiyo, ndugu yangu, safari nyingine ukiombwa mchango wa mtoto mgonjwa, toa. Kisha uliza swali moja la kibiashara, lile ambalo Sewa Haji angeuliza kabla msafara haujaondoka Bagamoyo: na posho ya njiani je, imetosha mpaka mwisho?