Vidato vya Edinburgh

Neno kidato tumelizoea mno shuleni hata hatulifikirii. Mwanafunzi yuko kidato cha kwanza, mwenzake kidato cha nne, basi. Lakini mkwezi analijua neno hilo kwa mguu wake. Huchonga pengo dogo kwenye shina la mnazi, kiasi cha kukanyagia, halafu huchonga jingine juu yake, na mapengo hayo ndiyo vidato. Vivyo hivyo kila hatua ya ngazi ya mawe ni kidato. Nimefundisha na kuongoza shule kwa zaidi ya miaka 30, na leo nataka kueleza jinsi nilivyovielewa vidato nikiwa nimekwisha kustaafu.

Mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 34 na mkuu wa shule kwa mwaka wa pili, nilipelekwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kusomea uongozi wa shule kwa miezi tisa. Kwetu walimu wa Tanzania jina la mji huo lilikuwa na uzito wake, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha huko kuanzia 1949 hadi 1952. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kuhiji.

Mji wa Kale wa Edinburgh umekaa juu ya mgongo wa kilima. Upande wa magharibi kuna jabali la volkano iliyozimika zamani sana, na juu yake ngome. Kutoka ngomeni mgongo huo unateremka taratibu kwa kadiri ya maili moja mpaka kasri la Holyrood. Barabara kuu inapita juu ya mgongo, na vichochoro vinatoka humo kushuka pande zote mbili, mfano wa miiba kwenye uti wa samaki. Kwa kuwa mteremko ni mkali, vichochoro vingi ni ngazi.

Jumamosi, masomo yakiisha, nilikuwa navaa koti langu zito la mtumba na kwenda kuzipanda. Nilipanda ile wanayoiita Ngazi ya Yakobo, kutoka Calton Road hadi Regent Road, ingawa sikuona malaika wakipanda wala kushuka, ila watu wenye mifuko ya sokoni. Nilipanda Vennel kutoka uwanja wa Grassmarket, ambako watu walikuwa wakinyongwa hadharani hadi mwaka 1784. Huko juu umebaki mnara wa ukuta wa Flodden, ulioanza kujengwa baada ya Waskoti kushindwa vitani na Waingereza mwaka 1513. Ukigeuka nyuma, ngome yote iko mbele ya macho yako. Nilishuka Advocate's Close, penye mlango wa mawe uliochongwa mwaka 1590. Siku zile nilikuwa na miguu, msomaji wangu. Vidato nilivihesabu kwa sauti, viwili viwili.

Kilichonivutia zaidi ni historia ya nyumba zilizo kando ya ngazi hizo. Nafasi ndani ya ukuta ilikuwa ndogo, kwa hiyo watu walijenga kwenda juu, ghorofa saba, nane na zaidi, tangu zamani ambazo miji mingi ya Ulaya haikuwa na nyumba ndefu hivyo. Kila nyumba ilikuwa na ngazi moja ya pamoja, mara nyingi ya kuzunguka kama gamba la konokono. Chini palikuwa na maduka, ghorofa za kati walikaa wenye mali na vyeo, na juu kabisa maskini. Maji yalipoletwa mjini kutoka chemchemi za Comiston, miaka ya 1670, yaliishia kwenye visima vya barabarani. Kutoka hapo wachukuzi, wanaume kwa wanawake, waliyabeba mgongoni hadi juu. Maji machafu yalirudi kwa njia ya mkato, dirishani, usiku, baada ya ukelele wa kumtahadharisha mpita njia.

Kwa hiyo jaji na fundi viatu walipishana kwenye ngazi moja na kuamkiana. Nami niliyetoka katika nchi ya Ujamaa nilifurahi kupita kiasi. Nilisema moyoni, kumbe ngazi ni shule ya usawa.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na hamu ya kujenga. Shule yangu ilikuwa kwenye mteremko wa mlima, madarasa chini, mabweni na maktaba juu, na njia yake wakati wa masika ilikuwa utelezi mtupu. Mwaka 1986, katika vipindi vya Elimu ya Kujitegemea, wanafunzi walibeba mawe kutoka mtoni, na fundi mwashi wa kijijini akatuongoza. Tulijenga vidato 63. Wageni walivisifu, nami niliwasimulia habari za Edinburgh kila walipotaka na hata wasipotaka.

Mwaka 1988 alikuja kijana wa kidato cha kwanza ambaye polio ilikuwa imemlemaza miguu utotoni. Alitembea kwa magongo. Katika shule yake ya msingi alikuwa wa kwanza darasani. Vidato vyangu alivipanda kwa kukaa kitako, uso ukitazama chini, akijiinua kwa mikono kidato kimoja kimoja, na magongo yake yamebebwa na mwenzake. Usiku wenzake walimbeba mgongoni. Siku moja ya mvua alianguka akapasuka paji la uso.

Nikamwita baba yake. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, mkulima, kofia mkononi. Nikamwambia, "Mzee wangu, shule yetu ni ya mlimani. Nitamwandikia mtoto barua ahamie shule ya tambarare. Ni kwa faida yake."

Akasema, "Mwalimu, mwanangu hajalalamika."

"Najua, Mzee. Lakini hali unaiona."

Akakaa kimya, kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Waliondoka kesho yake asubuhi. Shule niliyompatia haikuwa na bweni, na baadaye nilisikia kwamba hakumaliza hata kidato cha pili. Katika daftari la shule niliandika neno moja, "Amehama", na kazi ikaendelea.

Mwaka 2022 nilirudi Edinburgh. Binti yangu anafanya kazi huko, na nilimwomba anipeleke kwenye ngazi zangu za zamani. Tulianza na Scotsman Steps, zinazopanda kutoka Market Street hadi daraja la North Bridge. Mwaka 1984 zilikuwa zimechakaa, na nilizipita mbio. Mwaka 2011 zilifunguliwa upya, na vidato vyake vyote 104 vimewekwa marumaru, kila kimoja cha rangi yake. Ni nzuri mno. Lakini kabla ya kufika nusu goti langu liligoma.

"Baba, kaa kidogo," binti yangu akasema.

Nikakaa kitako kwenye kidato, uso ukitazama chini. Hapo chini alifika mama mmoja akisukuma mtoto katika kigari. Alitazama juu, akahema, akageuza kigari kwenda kutafuta njia nyingine. Hakumlaumu mtu. Nikatambua jinsi nilivyokaa, nikamkumbuka yule kijana. Binti yangu alidhani ni goti linaloniuma.

Siku zilizofuata nilisoma upya historia ya mji ule, safari hii mpaka mwisho. Mwaka 1767 ulikubaliwa mchoro wa James Craig wa kujenga Mji Mpya ng'ambo ya bonde, wenye barabara pana zilizonyooka. North Bridge ilifunguliwa mwaka 1772. Wenye uwezo walipopata daraja walivuka, na miaka ilivyokwenda Mji wa Kale waliachiwa maskini. Vyumba viligawanywa mara mbili na mara nne, matengenezo yakasahauliwa. Usiku wa tarehe 24 Novemba 1861 nyumba moja ya ghorofa nyingi katika High Street iliporomoka ikaua watu 35. Kijana mmoja alisikika chini ya kifusi akiwahimiza waokoaji kwamba bado yu hai, akatolewa. Sura yake imechongwa juu ya lango la Paisley Close. Mwaka 1862 mji ulimteua Henry Littlejohn kuwa mganga wake wa kwanza wa afya ya jamii, mwaka 1865 akatoa taarifa ndefu ya hali ya makazi, na mwaka 1867 ikapatikana sheria ya kubomoa na kujenga upya.

Basi ngazi ile haikuwa imemfundisha jaji usawa. Ilimkutanisha na fundi viatu kwa kuwa jaji hakuwa na njia nyingine, na alipoipata, kuamkiana kukaisha. Mimi nilisoma sura ya kwanza nikafunga kitabu, nikaja kujenga. Nilihesabu vidato bila kuhesabu watu. Yule kijana alikuwa hai mbele yangu, akipanda, na wenzake wa miaka 14 walikwisha kuona la kufanya: walimbeba. Mimi mwenye mhuri ndiye niliyemwondoa.

Mwaka 2023 niliitembelea shule ile. Vidato vyangu vipo, vichache vimelegea. Kando yake kuna njia ya zege inayopanda polepole kwa kupindapinda, yenye vyuma vya kushikia. Mkuu wa shule wa sasa, mama kijana, aliniamkia shikamoo, nikamwuliza ilichukua muda gani kuijenga.

"Wiki tatu, Mwalimu. Saruji walichanga wazazi. Kazi ya kuchimba walifanya wanafunzi wenyewe."

Wiki tatu. Mwaka 1988 nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400, na kila mmoja alikuja shuleni na jembe lake. Nilimshukuru, nikashika chuma, nikapanda kwa njia yake. Vidato vyangu sikuvihesabu.