Delft na Mitaa Iliyorudishiwa Watoto

Mwaka 1971 ajali za barabarani nchini Uholanzi ziliua watu wapatao 3,300, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Nchi ilikuwa imetajirika haraka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Magari yalijaa mijini, na mitaa myembamba ya makazi ikageuzwa njia ya mkato na madereva wenye haraka.

Miongoni mwa waliokufa mwaka huo alikuwa binti mdogo wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka 1972 baba huyo aliandika gazetini makala aliyoiita "Stop de Kindermoord", yaani "Komesheni Mauaji ya Watoto". Vuguvugu likazaliwa kwa jina hilohilo, na rais wake wa kwanza akawa mama kijana, Maartje van Putten. Wanachama waliandamana kwa baiskeli, wakakalia sehemu zilizojulikana kwa ajali, na kufunga mitaa ili watoto wapate kucheza.

Hasira yao ilikuwa ya haki. Hata hivyo dereva aliyeizoea njia yake hapunguzi mwendo kwa kuwa kuna watu walioandamana jana. Ilibidi mtaa wenyewe umlazimishe, na jambo hilo lilikuwa limeanza kujaribiwa katika mji wa Delft tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko mhandisi wa manispaa, Joost Váhl, alikubali kuitazama barabara kwa macho ya wanaoishi kando yake. Njia pana iliyonyooka humwita dereva akanyage mafuta, hata kibao kikisema vingine. Basi njia ikapindishwa. Ukingo uliotenganisha gari na mtembea kwa miguu ukaondolewa, sakafu ikawa moja toka mlango hadi mlango. Miti na mabenchi vikawekwa pale ambapo gari lingepita moja kwa moja, matuta yakajengwa, na maegesho yakabanwa kwenye sehemu zilizochorwa. Dereva akiingia hapo alijiona mgeni, na mgeni hana budi kwenda polepole.

Mtaa wa namna hii uliitwa woonerf. Mwaka 1976 serikali iliutungia sheria: gari liende mwendo wa mtu anayetembea, watu watumie upana wote wa njia, watoto waruhusiwe kucheza humo. Naona ni sheria ya busara, maana ilikuja kulinda kitu ambacho wakazi walikuwa wameshakiona kikifanya kazi.

Kasoro yake ilikuwa gharama. Kufumua na kujenga upya kila mtaa kulihitaji fedha nyingi, kwa hiyo katika miaka ya 1980 manispaa ziliruhusiwa kuweka maeneo ya kilomita 30 kwa saa, yenye matuta na ujenzi mdogo zaidi.

Mikanda ya usalama, njia za baiskeli na tiba bora vilichangia pia kuokoa maisha. Mwaka 2010 watoto waliouawa barabarani Uholanzi walikuwa 14.