Haki rejeshi: kurejesha nini, na kwa nani

Istilahi hii imeingia kwetu ikiwa na majina mengi kuliko maelezo. Wapo wanaosema haki rejeshi, wapo wanaosema haki rekebishi, na makanisani, hasa kwenye semina za viongozi na huduma za magereza, utasikia haki ya upatanisho. Mimi nashika la kwanza. Haki rekebishi siigombi sana, ila inamtazama mkosaji peke yake, kana kwamba kilichoharibika ni tabia yake tu. Kurekebisha wafungwa ni jambo ambalo magereza yetu yanadai kulifanya tangu zamani. Inayonitia wasiwasi ni haki ya upatanisho.

Umbo la rejeshi halina taabu. Limeundwa kama shirikishi na wezeshi, kutokana na kitenzi cha kutendesha: shirikisha, wezesha, rejesha. Neno gumu hapo ni haki. Kwa Kiswahili haki ni kile kinachotolewa na mahakama, ni stahili ya mtu (ndiyo maana tuna haki za binadamu), na kwa msomaji wa Biblia ni unyofu wa mtu mbele za Mungu, yule aitwaye mwenye haki. Msikilizaji akiambiwa haki rejeshi anaweza kusikia pia haki ya kurejeshewa, yaani stahili ya aliyedhulumiwa kurudishiwa chake. Wapo watakaosema huko ni kuielewa vibaya istilahi. Kwangu mimi sikio hilo limesikia vema.

Historia ya dhana hii katika sheria za kisasa huanzia mara nyingi Elmira, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 1974 vijana wawili walizunguka usiku wakiwa wamelewa, wakaharibu mali za watu 22: madirisha yakavunjwa, matairi ya magari yakachanwa. Ofisa wa probesheni aliyeshughulikia kesi yao, Mark Yantzi, alikuwa Mkristo wa Kimennonite, wa kanisa lile lile ambalo wamisionari wake walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934. Yeye na mwenzake Dave Worth walimpendekezea hakimu jambo ambalo sheria haikulitaja: vijana wapelekwe kwa watu waliowaharibia. Hakimu alisita, kisha akakubali. Wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakaeleza walichofanya, wakaambiwa hasara ni kiasi gani, na baada ya miezi kadhaa walirudi kulipa.

Mmennonite mwingine, Howard Zehr wa Marekani, ndiye aliyeipa desturi hiyo nadharia katika kitabu chake cha 1990, Changing Lenses. Mahakama ya kawaida, anaeleza, huuliza ni sheria ipi iliyovunjwa, nani kaivunja, na anastahili adhabu gani. Haki rejeshi huanza kwa kuuliza ni nani aliyeumizwa, anahitaji nini, na nani anawajibika kumtimizia. Katika maswali ya kwanza aliyeumizwa hatajwi kabisa. Akihitajika, ataitwa kutoa ushahidi, kisha atarudi nyumbani na hasara yake.

Mkristo hapaswi kushangaa, kwa kuwa Torati ilikwishayasema. Kutoka 22 inaamuru aliyeiba kondoo na kumchinja alipe kondoo wanne. Walawi 6 inamtaka aliyemdanganya jirani yake arudishe mali yote, aongeze sehemu ya tano, na amkabidhi mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Katika Mathayo 5 Yesu anakwenda mbali zaidi: sadaka iachwe pale madhabahuni, mtu akapatane kwanza na ndugu yake. Angalia anayeambiwa aondoke. Ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Kwa hiyo mwendo ni wa mkosaji, si wa aliyekosewa.

Halafu yupo Zakayo. Mahubiri mengi humwacha juu ya mti, tukacheka ufupi wake, na tunapofika mezani kwake muda umekwisha. Kumbe kiini kipo mezani. Mtoza ushuru huyu anajihukumu mwenyewe kwa kipimo cha mwizi wa kondoo, mara nne, na ni baada ya kauli hiyo Yesu anapotangaza kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Luka hasemi kama waliotozwa kwa dhuluma walimsamehe. Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa amkumbatie.

Jina la mti wake, mkuyu, limesafiri sana. Prison Fellowship, huduma ya magereza iliyoanzishwa na Charles Colson mwaka 1976, ina mafunzo yanayoitwa kwa jina la mti huo, ambamo watu waliotendewa uhalifu huingia gerezani na kuzungumza na wafungwa wasiohusika na kesi zao. Nchini Rwanda mafunzo hayo yalipewa jina la mti wa kwao, umuvumu, na yaliwaandaa wafungwa wa mauaji ya 1994 kukiri mbele ya mahakama za kijamii za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012. Kwa kosa la kupora au kuharibu mali, gacaca iliamuru kulipa, haikufunga mtu. Walioshindwa kulipa kwa umaskini walikuwa wengi, na hilo ni jeraha ambalo nyimbo za maridhiano hazilifuniki.

Sasa upatanisho. Neno hili tayari lina kazi nzito katika Biblia ya Kiswahili. Lina Siku ya Upatanisho ya Walawi 16, na lina huduma ya upatanisho ambayo Paulo anawaandikia Wakorintho. Katika habari hiyo Mungu, aliyekosewa, ndiye anayeanza. Likihamishiwa barazani au mahakamani, neno hilo hilo humgeukia mama aliyepigwa au binti aliyebakwa: nawe anza, kama Mungu alivyoanza. Familia zinasema tuyamalize nyumbani, mchungaji anaombea, mbuzi anatolewa kwa baba wa binti, na binti mwenyewe hakuulizwa. Kaskazini mashariki mwa Kenya utaratibu wa maslaha, wa wazee kumaliza kesi wenyewe, umelaumiwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo, na Wakristo tusijifanye hayo ni ya Wasomali. Kikao cha namna hiyo hakijarejesha kitu kwa mtu. Hakiwezi kuitwa haki rejeshi.

Hata kazi njema inaweza kukwama hapo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilianza kusikiliza watu Aprili 1996, Askofu Mkuu Desmond Tutu akiiongoza na joho lake na sala zake. Mkosaji wa kisiasa aliyeeleza ukweli wote aliweza kupata msamaha wa kisheria, na sheria haikumtaka hata aombe radhi. Walioumizwa walisubiri. Tume ilipendekeza walipwe kila mwaka kwa miaka sita; mwaka 2003 serikali ikatoa randi 30,000 kwa mtu, mara moja tu. Tutu mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba ukiniibia kalamu huwezi kudai umetubu huku kalamu bado unayo.

Kuna ambacho hakirudi, uhai kwanza. Hapo kitenzi chetu husaidia, maana kurejesha hudai kitu na kurejeshea humdai mtu. Mjane hawezi kurejeshewa mume. Anaweza kurejeshewa ukweli wa alivyokufa, mahali alipozikwa, jina lake lililochafuliwa, shamba lililotwaliwa.

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama kutoa fidia kwa wanaoathirika kwa makosa ya wengine, na katika aya inayofuata inaziagiza kuendeleza usuluhishi. Mambo mawili, aya mbili, fidia ikitangulia. Wenye kuandaa semina wangeweza kuanzia hapo, na wakiwa hapo waazime pia neno mkosewa. Mwathirika, au mwathiriwa kama wanavyoandika Kenya, latosha hata kwa mtu wa mafuriko. Mkosewa lazima awe na mkosaji wake.