Je, Waislamu Huabudu Mwezi?

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, wakristu wa Maniema huwaona jirani zao Waislamu wamesimama uwanjani jioni, macho yao upande wa magharibi. Mwezi mwembamba ukionekana, wanaomba. Siku moja tulimsikia katekista akiwaambia wakatekumeni wake: « Mnaona? Wale wanaabudu mwezi. » Ni mtu mwema, lakini neno lake si la kweli. Basi inafaa tujue ombi hilo linatoka wapi, na linasema nini.

Zamani watu wengi wa Mashariki waliabudu mwezi kweli. Miji ya Uru na Harani, ambamo Abrahamu alikaa, ilikuwa na mahekalu ya mungu-mwezi, jina lake Sin. Kitabu cha Yosua (24, 2) chasema kwamba baba zake Abrahamu walitumikia miungu mingine. Na Yobu anajitetea kwamba hakuubusia mwezi mkono wake (Yobu 31, 26-28).

Katika Arabia ya karne ya 7, Korani nayo ilikataza kusujudia jua na mwezi (sura 41). Iliamuru kumsujudia aliyeviumba. Ombi lenyewe tunalikuta katika mkusanyo wa Tirmidhi, aliyekufa mwaka 892. Lilipokewa kwa Talha bin Ubaydullah, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Muhamadi, aliyeuawa mwaka 656. Ni fupi sana. Kwanza mwenye kuomba anamsihi Mungu awaandamishie mwezi huo pamoja na baraka, imani na usalama. Kisha anaugeukia mwezi, anauambia kwamba Bwana wake na Bwana wa mwezi ni mmoja, ni Mungu. Anayeabudu mwezi hawezi kuuambia hivi. Ni kuushusha toka kiti cha miungu na kuuweka pamoja nasi kati ya viumbe.

Tena mwezi ni saa yao. Mfungo wa Ramadhani uliamriwa mwaka 624. Mwezi mmoja una siku 29 au 30. Mawingu yakiuficha mwezi mpya, wanatimiza siku 30. Sisi nasi, tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, Eklezya hutaka wakristu wote waadhimishe Pasaka siku moja. Twaiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mtu asiyetujua angeweza kusema kwamba sisi pia twaabudu mwezi!

Hatufichi tofauti iliyopo. Sisi twaungama Utatu Mtakatifu, na Yezu Kristu Mwana wa Mungu. Wao hawaungami hivyo. Wala hatusahau kwamba Uislamu ulifika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Unguja. Jeraha la babu zetu linatufanya tuwe wepesi kusadiki kila baya linalosemwa juu ya Waislamu. Lakini amri ya nane haiondolewi na jeraha. Na tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza kwamba Eklezya inawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na dunia.

Basi katekista akiulizwa juu ya wale waliosimama uwanjani, aseme ukweli: wanautazama mwezi, wanamwomba Mungu. Mwenye kusema ukweli juu ya jirani yake atasadikiwa pia atakapomhubiri Kristu.