Kasri la Mengo na Kanisa Kuu la Namirembe

Sisi Wakipsigis hatukuwa na wafalme, kwa hiyo kasri ni kitu cha kwenda kutazama kwa jirani. Kule Kampala vilima vya Mengo na Namirembe vinatazamana, kimoja cha Kabaka na kingine cha kanisa, na huwezi kusimulia habari za kimoja ukakiacha kingine.

Zamani kila Kabaka wa Buganda alijichagulia kilima na kujenga kwa matete na nyasi. Mwanga wa Pili alichagua Mengo mwaka 1885. Mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Mifupa yake imezikwa Namirembe, mwendo wa miguu tu kutoka kwenye lango la Kabaka.

Kanisa la miti na nyasi lililosimama Namirembe liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Wakajenga tena. Mwaka 1901 wakaanza la matofali. Mmisionari Borup aliwafundisha vijana kufyatua na kuchoma matofali, na umati ukabeba udongo na mbao kupanda kilima. Liliwekwa wakfu mwaka 1904. Lakini juu ya kuta hizo nzuri waliweka paa la nyasi. Mzee yeyote wa Kabianga anayeijua radi ya saa kumi jioni angewaonya. Septemba 1910 radi ikapiga, kanisa likateketea. (Kamati yetu ya ujenzi, harambee ya leo ni ya paa: tafadhali kinga ya radi isifutwe kwenye bajeti.)

Kanisa la sasa lilijengwa kuanzia 1915 hadi 1919, katikati ya vita vya dunia. Mchoraji wake alikuwa Mwingereza Temple Moore. Ni la matofali mekundu, vigae vya udongo na kuba inayoonekana kutoka mbali. Ngoma bado huwaita watu ibadani.

Twekobe, nyumba ya Kabaka pale Mengo, ilijengwa mwaka 1922, enzi za Daudi Chwa. Mei 24, 1966, wanajeshi wa serikali ya Obote, wakiongozwa na Idi Amin, waliishambulia. Mutesa wa Pili aliruka ukuta akatoroka, akafia London mwaka 1969. Kasri likawa kambi ya jeshi. Ndani ya ua wake kuna handaki la zege ambamo wafungwa wengi walikufa wakati wa Amin. Wageni huingizwa humo, na hakuna anayetoka akicheka.

Ufalme ulirudishwa mwaka 1993. Agosti 27, 1999, Kabaka Ronald Mutebi alifunga ndoa na Sylvia Nagginda ndani ya Namirembe. Barabara za vilima vyote viwili zilijaa watu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuona Kabaka akioa.